Dawa Bandia, Dawa-Nakala au Dawa-Shabihi?

Istilahi ya tiba ikikosewa, hasara humfika mgonjwa. Ndiyo maana tunapenda kuyapima hapa majina yanayoweza kumjia mfasiri anapozitaja dawa ziitwazo kwa utohozi bayosimila, ambazo baadhi yake hutibu baridi yabisi na maradhi mengine ambayo kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe.

Dawa kama aspirini hutengenezwa kwa kemikali, na kiwanda kingine chaweza kuiiga bila tofauti. Infliksimabu sivyo: hiyo ni kingamwili inayozalishwa na seli hai, na seli za viwanda viwili hazitoi zao lililo sawa kwa kila hali. Mtengenezaji wa pili hutakiwa kuthibitisha kwamba dawa yake inakaribiana mno na ya kwanza, na kwamba hapana tofauti yenye maana katika usalama wala katika nguvu ya kutibu. Umoja wa Ulaya uliidhinisha infliksimabu ya namna hii mwaka 2013, na Marekani mwaka 2016.

"Dawa bandia" haifai kabisa. Bandia ni noti ya mhalifu. Mgonjwa akilisoma neno hilo ataikataa dawa iliyo halali, na aghalabu iliyo nafuu kwa bei. Woga huo hauna msingi: utafiti wa Norwe uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba, kwa kipimo kilichowekwa, wagonjwa waliohamishiwa infliksimabu hiyo hawakupata matokeo duni kuliko waliobaki na ya awali. "Dawa-nakala" nayo huahidi kupita kiasi, kwani nakala ya hati hufuata asili neno kwa neno. "Dawa mbadala" tayari ina maana nyingine katika tiba.

Sisi twapendekeza "dawa-shabihi". Watoto wa baba mmoja hushabihiana, wala hatusemi kwamba mmoja ni nakala ya mwenziwe. Twakiri kwamba neno hili ni la kitabuni, na muuguzi atalazimika kulieleza. Hata hivyo, neno linalohitaji maelezo ni afadhali kuliko neno jepesi linalopotosha. Walimu na wafasiri walipime, na mwenye lililo bora alilete.