Nafasi ya Maoni ya Nafsi katika Uhakiki wa Sanaa

Wanafunzi wetu wa fasihi wamezoea kuandika hakiki zisizo na mwenyewe. Utasoma kurasa kumi juu ya fani na maudhui, wahusika wameainishwa, tamathali zimehesabiwa, na hatimaye hujui kama aliyeandika aliifurahia kazi hiyo au ilimchosha. Katika semina moja nilimwuliza mwanafunzi kama aliipenda tamthilia aliyokuwa ameichambua kwa ustadi mkubwa. Alinyamaza, kisha akaniuliza: "Mwalimu, hilo nalo linaruhusiwa?" Swali hilo ndilo lililozaa makala haya.

Rai ninayoitetea ni kwamba maoni ya nafsi ndiyo mwanzo wa uhakiki, wala si adui yake. Hata hivyo, hayawi uhakiki mpaka mwenye maoni atenganishe kilichomo katika kazi na kilichomo ndani yake mwenyewe. Nitaijaribu rai hii kwa mifano minne: muziki, filamu, mchoro na mchezo wa video wa zamani. Nimechagua nyanja hizi kwa sababu humo hatujajiwekea istilahi nyingi za kujifichia kama tulivyofanya katika fasihi andishi.

Tuanze na muziki. Siti binti Saad wa Unguja, aliyefariki mwaka 1950, alirekodi nyimbo zake Bombay mwaka 1928. Hukumbukwa kwa kuimba taarab kwa Kiswahili, ilhali katika jumba la Sultani taarab ilizoeleka kwa Kiarabu. Mimi nazipenda santuri zile. Lakini nikijihoji kwa haki, naona mapenzi hayo yana sababu mbili. Ya kwanza ni jinsi sauti inavyoshikana na ala, hata pengine sikio lisijue ipi inaiongoza nyingine. Ya pili ni mikwaruzo ya santuri yenyewe, inayonipa hisia kwamba nasikiliza wakati uliopotea. Sababu ya kwanza naweza kumwonyesha msikilizaji mwingine, naye akakubali au akakataa. Ya pili haimhusu Siti hata kidogo. Ni shauku yangu ya mambo ya kale, na wimbo hafifu wa mwaka huo huo ungeiamsha vile vile.

Mfano wa pili ni filamu ya *Mandabi* (1968) ya Ousmane Sembène wa Senegal, iliyotengenezwa kwa lugha ya Kiwolof. Ibrahima Dieng anapokea hawala ya fedha kutoka kwa mpwa wake aliyeko Paris. Hawezi kulipwa posta bila kitambulisho, wala kitambulisho hakipatikani bila cheti cha kuzaliwa. Nilipoitazama mara ya kwanza, nikiwa masomoni ng'ambo, ilinichosha, nami nikasema hivyo mbele ya wenzangu. Mmoja wao aliniuliza ni wapi hasa nilipochoka. Nilipojaribu kumjibu, niligundua kwamba nilichoka pale pale Dieng alipokuwa akirudishwa kutoka ofisi moja hadi nyingine. Uchovu wangu ulikuwa wa kweli. Kosa langu lilikuwa kuuhesabu kuwa kasoro ya filamu. Lau ningeuficha na kusifu "usawiri wa urasimu", ningepata alama nzuri, lakini nisingeielewa kazi.

Kuhusu michoro, nililoungama juu ya *Mandabi* ni dogo kuliko hili. Kwa miaka mingi nilizidharau picha za Tingatinga kwa sababu niliziona zikiuzwa kwa watalii. Nilikuwa nahukumu wanunuzi, si picha. Edward Saidi Tingatinga (1932–1972) alianza kuchora mjini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, akitumia vipande vya mbao za dari na rangi za mafuta zinazong'aa. Katika kazi zake mwenyewe, mara nyingi mnyama mmoja huujaza mraba wote, usuli ukiwa wa rangi moja, bila kivuli. Ufinyu wa nafasi humfanya mnyama aonekane mkubwa. Picha nyingi zilizofuata mtindo huo hurundika wanyama, miti na milima hata jicho likose pa kutua. Hizo bado sizipendi, lakini sasa sababu yangu imo ndani ya picha, haimo mfukoni mwa mnunuzi.

Mfano wa mwisho utawashangaza baadhi ya wasomaji. *Space Invaders* ni mchezo wa video uliobuniwa na Tomohiro Nishikado huko Japani mwaka 1978. Safu za wavamizi hushuka polepole huku mchezaji akiwafyatulia risasi kutoka chini. Kadiri wanavyopungua, ndivyo waliosalia wanavyokwenda mbio, na mdundo wa noti nne nao huharakishwa. Mhakiki aliyezoea kusaka dhamira ya mtunzi atatatizika hapa, kwa kuwa kasi hiyo haikukusudiwa awali. Mtambo wa wakati ule ulielemewa na wavamizi wengi, na walipopungua kazi yake ikawa nyepesi. Nishikado aliliona jambo hilo akaliacha libaki. Kwangu mimi, hapo ndipo penye uzuri wa mchezo: hofu huzidi kadiri ushindi unavyokaribia. Anayekana kwamba hii ni sanaa ana haki yake, mradi atueleze ni nini kinachokosekana.

Yamkini wenzangu watapinga kwamba ladha ni zao la tabaka na malezi, na kwamba kuiachia huru ni kurudisha ubwanyenye katika uhakiki. Kwamba ladha ina chimbuko la kijamii sibishi; dharau yangu kwa Tingatinga ilikuwa dharau ya msomi. Lakini niliweza kuisahihisha kwa sababu niliitamka. Ladha isiyotamkwa haifi. Huendelea kuteua vitabu vya kutahiniwa, kupanga silabasi na kugawa alama, huku ikijiita vigezo. Mwanafunzi hawezi kuibishia kwa sababu haonyeshwi ilipo.

Kwa hiyo napendekeza kwamba katika kila insha ya uhakiki tumdai mwanafunzi mambo matatu. Aseme waziwazi kama kazi ilimvutia au la. Aonyeshe mahali hasa ndani ya kazi panapoithibitisha hukumu yake. Na aeleze ni kiasi gani cha hukumu hiyo kinatokana na yeye mwenyewe. Sisi walimu nasi tufanye hivyo hivyo mbele yao, hata pale tutakapolazimika kukiri kwamba tulikosea.

Mwanafunzi wangu sikumjibu vizuri siku ile. Jibu langu leo ni kwamba ndiyo, linaruhusiwa, lakini ajiandae kuulizwa: wapi hasa?