Bei ya Ukombozi: Maoni juu ya Tamthilia ya Televisheni ya "Les Misérables"

Riwaya ya Victor Hugo iitwayo Les Misérables ilitolewa mwaka 1862, mwandishi wake akiwa uhamishoni katika kisiwa cha Guernsey. Tangu wakati huo imechezwa jukwaani, imeimbwa, na kufanywa picha za sinema mara nyingi. Hapa twataka kupima moja tu katika hizo, nayo ni tamthilia ya sehemu 6 iliyoandikwa na Andrew Davies, ikaongozwa na Tom Shankland, na kuonyeshwa na BBC ya Uingereza tangu 30 Desemba 2018 hata 3 Februari 2019. Tamthilia hii haina nyimbo, nayo yashika njia ya riwaya kwa urefu kuliko filamu nyingi zilizoitangulia.

Shabaha yetu si kusimulia hadithi yote. Twauliza swali moja limpasalo mtu wa lugha. Tamthilia za Kituruki zimekwisha kutiwa sauti za Kiswahili na kuonyeshwa na Azam TV, na watu wengi wamezifuata. Ikiwa hii nayo itatiwa sauti za Kiswahili, ni neno gani litakalobeba kiini chake? Tukikosa katika neno hilo, tutakuwa tumemwonyesha mtazamaji hadithi nyingine.

Maneno yaliyo tayari ni manne. Toba ni kazi ya moyo wa mkosaji mwenyewe. Wokovu watoka katika kuokoa, yaani kumtoa mtu hatarini, wala hausemi ni nani aliyelipa. Fidia ni malipo yenyewe. Ukombozi watoka katika kukomboa, na maana yake ya zamani ni kulipa ili kurudisha kilichowekwa rehani, au kumtoa mtu katika utumwa kwa kumlipia bei. Nguzo ya neno hili ni bei, nayo ndiyo nguzo ya riwaya ya Hugo.

Tutazame tendo la kwanza. Jean Valjean atoka gerezani Toulon baada ya miaka 19, ambayo 5 ilikuwa kwa ajili ya mkate na 14 kwa ajili ya kujaribu kutoroka. Askofu Myriel ampa chakula na kitanda; usiku aiba vyombo vya fedha na kukimbia. Askari wamrudishapo, askofu asema kwamba vyombo alimpa mwenyewe, kisha amwongezea vinara viwili vya mishumaa, na kumwambia kwamba kwa vitu hivyo ameinunua roho yake. Hapa Kiswahili kina bahati ambayo Kiingereza cha tamthilia hakina. Katika Kifaransa neno moja lataja madini na sarafu, na Kiswahili nacho chasema fedha kwa vyote viwili. Mtazamaji wetu atakayesikia kwamba roho imenunuliwa kwa fedha atasikia mara moja vinara na bei pamoja. Derek Jacobi, achezaye askofu, asema maneno yake kwa upole, bila ya kuhubiri, na jambo hilo lafaa. Kwani mnunuzi huyu halali bei, alipa tu.

Hesabu ya bei yaendelea katika kisa cha Fantine na bintiye. Fantine amwacha Cosette kwa Thénardier na mkewe, nao wamshika mtoto huyo kama rehani: kila mwezi waongeza madai, na mama auza nywele zake, kisha meno yake ya mbele. Baada ya kifo chake, Valjean aenda kumtoa mtoto kwa fedha taslimu, na riwaya yataja hesabu yenyewe, faranga 1,500. Huko ni kukomboa kwa maana halisi. Mkulima wa kahawa wa Mbinga hatahitaji kuelezwa. Yeye alijua neno magoma, yaani kupokea fedha za mkopeshaji wakati kahawa ingali mtini, kisha kumtolea mavuno kwa bei ndogo iliyokwisha kufungwa. Mtu aliyekwisha kuuza kahawa yake kabla ya kuichuma ajua ya kwamba mtu maskini hanaswi siku moja; anaswa kwa hesabu, na kila hesabu yazaa nyingine. Lily Collins, achezaye Fantine, aonyesha kushuka huku hatua kwa hatua, na sehemu ya pili ya tamthilia haimfichi mtazamaji kitu.

Walakini hapa ndipo mwandishi wa tamthilia alipobadili jambo kubwa. Katika riwaya, Valjean, ambaye sasa aitwa Madeleine na ni mwenye kiwanda, hajui kwamba Fantine amefukuzwa kazi. Amfukuza msimamizi wa wanawake, kwa jina la mwenye kiwanda na kwa kufuata kanuni njema za kiwanda chenyewe. Katika tamthilia, Valjean mwenyewe ahusika katika kumfukuza. Davies amepata faida: Dominic West, achezaye Valjean, apata deni la kubeba usoni mwake, na mtazamaji aelewa upesi kwa nini ahangaika kwa ajili ya Cosette. Lakini hasara ni kubwa zaidi. Hugo alitaka kuonyesha kwamba hata mtu aliyekombolewa, akiendesha mambo yake kwa haki, aweza kumponda mnyonge bila ya kujua, kwa sababu ubaya umo katika mpango wa mambo na si katika moyo wa mtu mmoja tu. Davies amelichukua deni la watu wote na kulifanya kosa la mtu mmoja.

Jambo jingine ambalo neno letu lalitia nuru ni hali ya aliyekombolewa. Katika historia yetu kukomboa watu kwa fedha si mfano wa maneno tu. Njia ya watumwa kutoka pande za Ziwa Nyasa kwenda Kilwa ilipita katika nchi hizi za kusini. Mapadre wa Kifaransa wa Roho Mtakatifu walifungua misioni Bagamoyo mwaka 1868, miaka 6 tu baada ya riwaya hii kutolewa, wakawanunua watumwa, wengi wao watoto, wakawaweka katika kijiji cha misioni. Watu hao walitoka katika utumwa. Lakini waliishi chini ya amri ya misioni, wakifanya kazi zake. Basi aliyelipiwa huwa na deni kwa aliyemlipia. Valjean alikubali deni hilo, akalilipa maisha yake yote. Alilipa hata mahakamani Arras, alipojitaja mwenyewe ili Champmathieu asifungwe kwa jina lake.

Javert hakuweza. David Oyelowo, ambaye watazamaji wa Afrika Mashariki walimwona katika filamu ya Queen of Katwe ya mwaka 2016 akiwa mwalimu wa sataranji mjini Kampala, amcheza Javert kama mtu aliyefungwa na hesabu zake mwenyewe. Katika vita vya vizuizi vya barabarani Valjean apewa ruhusa ya kumwua, naye amwachilia. Tangu hapo Javert ni mtu aliyekombolewa na mhalifu, na sheria yake haina safu ya kuandika deni la namna hiyo. Ajitupa mtoni kwa sababu hiyo. Mfasiri akisema kwamba Javert "alikosa wokovu" atakuwa amekosea: aliupata ukombozi, akashindwa kuuchukua.

Yabaki maana ya pili ya neno. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilipowekwa Dar es Salaam mwaka 1963, na vita vya Msumbiji vilipoanza ng'ambo ya Ruvuma mwaka 1964, ukombozi ulikuwa neno la mapambano ya watu wengi. Kwa watu wa Mbinga, waliopakana na Msumbiji, maana hiyo haikuwa ya redioni tu. Kwa hiyo neno letu moja lina bei na lina vita. Lamtaja Valjean, na lawataja vijana waliokufa katika maasi ya Paris ya Juni 1832. Hugo aliyafunga mambo haya mawili katika kitabu kimoja. Tamthilia yayapa nafasi yote mawili, lakini yayaweka mbalimbali: mara nyingi vijana wa vizuizi ni kelele nyuma ya mapenzi ya Marius na Cosette. Ni katika picha ya mwisho tu ndipo kamba yafungwa tena, tuonapo watoto wawili wadogo wakiomba barabarani baada ya Valjean kufa kwa amani. Bei ya mtu mmoja imekwisha kulipwa. Ya watoto wale bado. Twaiona picha hiyo kuwa ndiyo hukumu ya haki kuliko zote katika tamthilia nzima.

Mwalimu Nyerere alipofasiri Shakespeare alimgeuza mfanyabiashara mmoja wa Venisi kuwa Mabepari wa Venisi, mwaka 1969, na kwa neno hilo moja akawaambia wasomaji wake waitazame wapi hadithi. Mfasiri wa tamthilia hii atakabiliwa na uchaguzi kama huo. Akishika wokovu, atabaki na mtu mmoja mwema. Akishika toba, atabaki na moyo wake tu. Maoni yetu ni kwamba ashike ukombozi tangu sehemu ya kwanza hata ya mwisho, alitumie kinywani mwa askofu na kinywani mwa vijana wa vizuizi bila ya kulibadili. Hivyo mtazamaji wa Kiswahili atasikia kwa sikio lake uhusiano ambao tamthilia yenyewe imeuachia mpaka dakika ya mwisho.