Neno "Kanisa" na Mamlaka ya Mfasiri: Ugomvi wa Tyndale na More

Ugomvi wa William Tyndale na Thomas More huhesabiwa mara nyingi kuwa ni wa dini tu. Ukichunguzwa kwa makini, huonekana kuwa ni wa lugha pia: ni nani mwenye haki ya kuamua maana ya neno la Maandiko?

Katika Agano Jipya alilolichapisha mwaka 1526, Tyndale hakuitafsiri ekklesia ya Kigiriki kwa neno la Kiingereza lililozoeleka kwa kanisa, bali kwa neno lenye maana ya mkutano wa watu. Presbuteros naye hakuwa kasisi tena. Katika toleo la 1534 aliitwa mzee. Msomaji aliyezoea kuliona daraja la makasisi katika Maandiko akakuta jumuiya ya waumini na wazee wao.

More, akiutetea Ukatoliki, alijibu mwaka 1529 kwamba neno hupata maana yake katika matumizi ya wasemaji. Na neno la mkutano, likisimama peke yake, haliwatengi Wakristo na wasio Wakristo. Hoja hii ni nzito. Mwaka 1531 Tyndale alimkumbusha kwamba Erasmus, rafiki yake More, alikwisha kutumia congregatio katika tafsiri yake ya Kilatini. More akasema kwamba Erasmus hakuwa na nia mbaya. Hapa ndipo hoja yake inapolegea, kwani kama neno moja ni safi kinywani mwa huyu na ni uzushi kinywani mwa yule, kinachohukumiwa si neno bali mfasiri.

Hata hivyo, Tyndale naye hakuwa mtumwa wa Kigiriki tu. Katika Matendo 19:37, panapotajwa wezi wa mahekalu ya kipagani, alilitumia lile lile neno la kanisa alilowanyima Wakristo. Uteuzi wa namna hiyo ni hoja ya kidini iliyovaa nguo za sarufi.

Wote wawili waliuawa, More mwaka 1535 na Tyndale mwaka 1536, lakini swali halikufa. Tafsiri ya Kiprotestanti ya 1611 ilitengenezwa kwa agizo la mfalme kwamba maneno ya zamani ya kanisa yahifadhiwe. Waprotestanti waliokwisha kuwa na kanisa la kulitawala walikubali hoja ya More.

Kiswahili hakikusalimika. Biblia ya Union ya 1952 ina "kanisa", neno lililotoka Kiarabu, na "wazee" kwa presbuteros. Lakini episkopos ni mwangalizi katika Matendo 20:28, na ni askofu katika Wafilipi 1:1. Pale msomaji huona kazi. Hapa huona cheo. Basi anayedai kuthibitisha mamlaka ya kanisa, au kuyakana, kwa aya tupu ya Kiswahili, hana budi kuuliza kwanza ni nani aliyemchagulia neno.