Makumbusho Yamkumbushe Nani? Lugha, Maumbile na Historia katika Gede

Neno "makumbusho" lina mzigo ambao wenye kulitumia aghalabu hawautambui. Kitenzi chake cha asili ni kukumbuka. Kikitiwa kiambishi cha kusababisha huwa kukumbusha, na hapo ndipo nomino ilipochipuka. Sasa, asiyewahi kujua jambo hakumbushwi. Mtu huyo huambiwa, hufundishwa au huonyeshwa. Anayekumbushwa ni yule ambaye jambo lenyewe lilikuwa lake tangu hapo, likamponyoka. Kwa hiyo lugha imekwisha kutupa kipimo cha kuihakiki asasi hii: makumbusho yanamkumbusha nani, na kwa maneno ya nani?

Makala haya yanakitumia kipimo hicho kuyahakiki Makumbusho ya Gede, yaliyo kusini mwa Malindi, jirani na msitu wa Arabuko-Sokoke. Gede inafaa kwa kazi hii kwa sababu historia na maumbile vinakutana pale katika uwanja mmoja. Upande mmoja pana mabaki ya mji wa Waswahili uliositawi hasa katika karne ya 14 na ya 15, kisha ukahamwa katika karne ya 17. Upande wa pili pana mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa mwaka 1993 ili wakulima wanaoishi kando ya msitu wapate riziki kwa kufuga vipepeo. Pande zote mbili ziko chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Hata hivyo, haziwasemeshi wenyeji kwa namna moja. Upande wa wadudu umemfanya mwenyeji kuwa mshiriki katika elimu, ilhali upande wa mawe bado unamweka katika nafasi ya msikilizaji. Tofauti hiyo, kama itakavyoonyeshwa, ni ya lugha kabla ya kuwa ya fedha.

Tuanze na mawe. Gede ilitangazwa kuwa mahali pa kumbukumbu ya kihistoria mwaka 1927, na kuanzia mwaka 1948 James Kirkman aliendesha uchimbaji uliodumu takriban miaka kumi. Kazi yake ilikuwa kubwa, na hapana mtafiti wa pwani awezaye kuipuuza. Lakini kitabu alichokitoa mwaka 1954 kuhusu msikiti mkuu wa mahali hapo kiliuita mji huo, katika anwani yake, mji wa Kiarabu. Neno moja la anwani likawa limekwisha kuamua ni nani mwenye mji kabla msomaji hajafungua ukurasa wa kwanza. Watafiti waliofuata, Chapurukha Kusimba akiwa miongoni mwao katika kitabu chake cha mwaka 1999, wamedhihirisha kwamba miji ya pwani ilikua kutokana na jamii za Waafrika wa papa hapa, waliofanya biashara na ng'ambo pasipo kuwa watoto wa ng'ambo.

Anwani ya kitabu yaweza kusahihishwa na kitabu kingine. Majina ya nyumba ni magumu zaidi. Mgeni anayetembea ndani ya Gede hupita kwenye Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kisanduku cha Pembe, Nyumba ya Ushanga wa Venisi. Kila nyumba imeitwa kwa kitu alichokiokota mchimbaji sakafuni. Kwa sarufi ya Kiswahili, kihusishi "-a" hapa kina kinaya kikubwa. "Nyumba ya Mkasi" ni muundo ule ule wa "nyumba ya Fatuma": mahali palipostahili jina la mwenyewe pamekaliwa na chombo chake. Vitu vimerithi nyumba za watu. Tena vingi kati ya vitu vilivyopewa heshima hiyo ni vile vilivyotoka mbali, hata mji mzima ukasomeka kama ghala la bidhaa za wageni.

Yamkini atatokea wa kumtetea mchimbaji, naye atakuwa na hoja. Majina ya wakazi hayakupatikana. Hata lile kaburi mashuhuri lenye tarehe limehifadhi mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, na sifa yake ni huo mwaka. Kubuni majina ya wenye nyumba kungekuwa uongo, na kuziita nyumba kwa vitu vilivyochimbuliwa ni utaratibu unaomwezesha mtaalamu kujua kila kitu kilitoka wapi. Utetezi huu unakubalika kwa daftari la mchimbaji. Haukubaliki kwa makumbusho, kwani daftari huandikiwa wataalamu, na makumbusho huandikiwa umma.

Wala si kweli kwamba pasipo majina ya watu hapana maneno mengine. Nyumba ya mawe ya pwani ina msamiati wake ambao haujafa. Mtu wa Lamu hadi leo hujua daka ni wapi, kiwanda ni wapi, msana ni upi, ndani ni wapi, na zidaka ni za nini. Maneno haya yanaeleza mambo ambayo mkasi na ushanga haviwezi kuyaeleza: mgeni alikomea wapi, wanawake walikaa upande gani, mwanga uliingiaje, nani alimpisha nani. Hali kadhalika mahali penyewe. Mazoea yameliteua neno "magofu", ambalo huona kuta tu. Kiswahili kina neno jingine, "mahame", ambalo ndani yake mna kitenzi kuhama. Anayeambiwa kwamba amesimama katika mahame hulazimika kuuliza: waliohama ni akina nani, na kwa nini walihama? Swali hilo ndilo mwanzo wa historia, na neno "magofu" halimlazimishi mtu kuliuliza.

Hapa panazuka tatizo zito zaidi. Wakulima wengi wanaoizunguka Gede leo ni Wagiriama. Je, msamiati wa nyumba za Lamu ni wao? Kwa muda mrefu wamesimuliwa kana kwamba wao ni wapita njia tu katika habari ya mji huu, ambao uhusiano wao na mawe ni hofu ya mizimu. Ni kweli kwamba mahali hapa pamehesabiwa kuwa na mizimu. Lakini kuamini kwamba waliotangulia hawajaondoka ni namna ya kutunza historia, na makumbusho yanayoliita jambo hilo ushirikina hujinyima shahidi. Aidha, isimu ina ushahidi ambao jembe la mchimbaji haliwezi kuufukua. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao cha mwaka 1993, waliichambua kwa kina familia ya lugha za Sabaki, ambamo Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro vimetoka katika asili moja. Mti wa Mswahili ni muhi kwa Mgiriama. Moto ni moho. Sauti zimehitilafiana, ila shina ni lile lile. Mgiriama anaposimama katika mahame ya Gede, amesimama katika mji wa watu waliosema lugha iliyo ndugu ya lugha yake. Jambo hilo likiandikwa ukutani kwa mifano mitano tu ya maneno, litamkumbusha mtoto wa shule ya kijijini mengi kuliko kabati zima la vigae vya Uchina.

Tugeukie sasa vipepeo. Arabuko-Sokoke ni msitu wa kilomita za mraba zipatazo 420, nao una aina zaidi ya 250 za vipepeo. Kabla ya mradi kuanza, majirani wengi waliuona kuwa ardhi waliyonyimwa na makao ya wanyama walioharibu mashamba yao. Mradi haukuwajia kwa mahubiri. Mkulima hukamata vipepeo wachache wa kike msituni na kuwatia ndani ya wavu ili watage. Huwalisha viwavi kwa majani ya mmea unaowafaa. Na kiwavi akiisha kujifunga katika hatua ya pupa, humpeleka Gede kuuzwa. Kutoka hapo husafirishwa hadi kwenye nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani kabla ya mabawa kufunguka. Kwa kuwa kila aina ya kipepeo ina mimea yake, mfugaji hana budi kuujua mti mmoja mmoja, na msitu ukifyekwa mbegu ya biashara yake itakuwa imepotea.

Ukitazamwa kwa kipimo chetu, upande huu ndio unaostahili zaidi jina la makumbusho. Ujuzi wa miti ulikuwa wa mwenyeji tangu zamani. Mradi uliuamsha, ukaupa kazi mpya na thamani mpya. Kadhalika jina la mradi ni neno linalofahamika kwa kila mtoto wa pwani.

Hata hivyo sifa hizi zisitufumbe macho. Sehemu kubwa ya soko iko ng'ambo, na tendo la mwisho, kufunguka kwa mabawa, mara nyingi hutazamwa na watoto wa nchi nyingine. Isitoshe, istilahi bado ni pungufu. Kiswahili sanifu kina "kipepeo" na "nondo". Baada ya hapo aina zote 250 na ushei huachiwa Kilatini. Hata neno "pupa" limeingia na kukuta nafasi yake imekwisha kukaliwa, maana afanyaye jambo kwa pupa ana haraka na tamaa, na kiumbe huyu aliyetulia tuli katika kifuko chake hana hata moja kati ya hizo. Kasoro ya namna hii haiondolewi na mfadhili wala mhandisi. Ni kazi ya wanaleksikografia kwenda kwa wafugaji, kuyakusanya maneno wanayoyatumia wenyewe kazini, na kuyaingiza kamusini kabla ya kubuni mengine mezani.

Mnamo Julai 2024 Gede iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Heshima hiyo italeta wageni wengi zaidi, na pamoja nao shauku ya kuyaandika maelezo upya kwa ajili yao. Hatari ni kwamba dunia itakumbushwa jambo ambalo halikuwa lake, na mwenyeji ataambiwa kwa lugha ya kukopa jambo ambalo lilikuwa lake. Mradi wa vipepeo umekwisha kuonyesha kwamba mwenyeji akikabidhiwa sehemu ya ujuzi huilinda. Imebaki nyumba zile za mawe nazo zikabidhiwe maneno yao: daka, kiwanda, msana, ndani, na juu ya lango liandikwe, "Mahame ya Gede".