Shimo la Viazi Vitamu

Kuchimba shimo la kuhifadhia viazi vitamu ni kazi ya jembe na sururu tu. Kijana mwenye nguvu halimshindi. Ufundi wenyewe huanzia shambani, mkononi mwa anayevichimbua. Kiazi kilichokatwa ncha na jembe, au kilichochubuka kwa kurushwa guniani, ni cha chungu cha jioni hiyohiyo. Vilivyobaki hugeuzwa kimoja kimoja kutafuta tundu la fukusi. Wajuzi hukinusa pia, maana kiazi kilicholiwa na fukusi hunuka uchungu hata kama ngozi yake inapendeza.

Mahali panapofaa ni penye kivuli na mteremko kidogo, pasipotuama maji. Kina kikizidi nusu mita, jua la mchana na baridi ya alfajiri havifiki chini. Udongo hubaki na ubaridi wake uleule, wa kiasi. Kiazi kitamu kinautaka huohuo. Ukikiweka kibichi kwenye friji, chini ya nyuzi 12 za Selsiasi, moyo wake hukakamaa, hata ukichemsha hauivi, na mwisho kinaoza. Kwa zao hili, nasema bila kusita, shimo linaishinda friji.

Kuta na sakafu hutandikwa nyasi kavu. Wengine hunyunyiza na majivu. Viazi hupangwa taratibu, kamwe havimwagwi. Juu huachwa nafasi, kwa sababu kiazi kilichong'olewa bado ki hai: kinapumua, kinatoa joto na unyevu. Siku za mwanzo fukuto hilo lina faida, kwani mikwaruzo midogo hujifunga kwa ngozi mpya. Likizidi kukaa, jasho huvidondokea viazi na kuvu huingia. Ndiyo maana fundi hupenyeza mwanzi mtupu kwenye kifuniko cha nyasi ili shimo livute pumzi, kisha husimamisha kijipaa juu yake na kuchimba mfereji kulizunguka.

Kanda ya Ziwa ya Tanzania ina michembe na matobolwa, yaani vipande vya viazi vilivyokaushwa, akiba inayodumu kuliko hii ya shimo, lakini hiyo ni ladha nyingine. Sokoni kiazi kibichi hudumu wiki moja au mbili. Shimo zuri hukifikisha miezi mitatu hivi. Hufunguliwa mara kwa mara, vilivyolainika vikatolewa kabla havijaambukiza jirani. Vilivyochipua havitupwi: hufukiwa bustanini na kumwagiliwa, vitoe marando ya kupanda mvua zikianza.