Sanduku la Slaidi Linafundisha Nusu ya Kazi

Kama umesoma afya ya mifugo, au una ndugu aliyesoma, sanduku hili unalijua. La mbao au plastiki, ndani lina mifereji midogo ya kusimamishia vioo, na kila kioo kina lebo: Trypanosoma, Babesia bigemina, Anaplasma marginale, Theileria parva. Damu ilishatandazwa zamani na kutiwa rangi na mtu hodari. Mwanafunzi anaweka kioo kwenye hadubini, anatazama, anachora kwenye daftari. Wiki ya mtihani vioo vilevile vinarudi, safari hii lebo imezibwa kwa karatasi.

Tulitendee haki kwanza. Mkufunzi mwenye wanafunzi arobaini hawezi kusubiri ng'ombe augue siku ya kipindi chake. Babesia haji kwa ratiba. Na jicho lazima lione kitu mara nyingi ndipo likizoee. Ile jozi ya umbo la peasi ndani ya chembe nyekundu, ukishaiona vizuri mara kumi huisahau tena. Hapo sanduku linafanya kazi yake, tena vizuri.

Shida ni kwamba slaidi ya kununua haina makosa. Sasa njoo bomani kwa mfugaji, jua kali, ng'ombe anarusha mateke, na slaidi unaitengeneza mwenyewe. Tone la damu likizidi, utando unakuwa mnene na chembe zinalaliana. Ukichelewa kuukausha, chembe zinakunjamana. Ukiacha kioo wazi, nzi wanakuja kula damu. Sio utani, wanakula kweli na kubakiza matundu. Methanoli ikiwa imeshanyonya maji, chembe nyekundu zinapata vipovu vinavyong'aa. Ukisafirisha slaidi boksi moja na chupa ya fomalini, mvuke wake unavuruga rangi, damu inatoka samawati chafu. Halafu kuna Giemsa yenyewe: isipochujwa, inaacha vidoto vya zambarau juu ya damu.

Hivyo vidoto ndivyo vinavyonikera zaidi. Anaplasma marginale, anayeleta ndigana baridi, anaonekanaje? Kidoto cha zambarau kilichokolea, ukingoni mwa chembe nyekundu. Basi, ndiyo yote. Aliyejifunza kwa sanduku peke yake anajua kila kidoto ni Anaplasma, kwa sababu kwenye sanduku ndivyo ilivyo. Nani alimwambia azungushe skrubu ndogo ya hadubini, aone kama kidoto kiko usawa mmoja na chembe au kinaelea juu yake? Nani alimwambia aangalie pia pale pasipo na chembe hata moja? Uchafu wa rangi haubagui, utaukuta hata huko. Vimelea vya damu huvikuti vikitawanyika ovyo hivyo.

Hapa kuna pesa na uhai wa mnyama. Ng'ombe mwenye ndigana kali akisomewa vidoto vya uchafu, atachomwa oksitetrasaiklini ya ndigana baridi. Siku zinakwenda. Buparvakwoni, dawa inayomfaa, inasaidia zaidi ikiwahi, na sio dawa ya bei rahisi: ng'ombe wa kilo 300, kwa kipimo cha miligramu 2.5 kwa kilo, anahitaji mililita 15 za dawa yenye miligramu 50 kwa mililita. Mfugaji aliyekwishalipia dawa isiyo sahihi atazitoa wapi hizo nyingine?

Usidhani ni tatizo la wasiojua tu. Mwishoni mwa miaka ya 1890 Robert Koch, yule wa kifua kikuu, alikuwa Dar es Salaam akichunguza damu ya ng'ombe. Vimelea vidogo vya ndigana kali aliviona kwa macho yake, akavichukulia kuwa ni hatua changa ya vimelea vya mkojo mwekundu. Miaka michache baadaye, kusini mwa Afrika, ndipo Arnold Theiler na wenzake walipoyatenganisha magonjwa hayo.

Tena hiyo slaidi ya Theileria ina kasoro ya peke yake. Mara nyingi inaonyesha vimelea ndani ya chembe nyekundu. Lakini ng'ombe aliyepona anaweza kuendelea kuwa navyo huku anakula majani vizuri tu. Anayeumwa, unachoma sindano kwenye tezi lililovimba, mara nyingi lile la chini ya sikio, unatafuta vimelea ndani ya chembe nyeupe. Sanduku halikuambii damu ilitoka wapi mwilini, wala kama mnyama alikuwa na homa. Slaidi ipo, ng'ombe hayupo.

Mtihani nao unaongeza chumvi. Kwenye kila hadubini kuna kitu, na mwanafunzi anajua kuna kitu, kwa hiyo anabaki kuchagua jina. Kazini swali la kwanza ni kama kuna chochote, na "sijaona kimelea" ni jibu halali kabisa, mradi useme umepitia maeneo mangapi ya kioo, kwa lenzi ya 100 yenye mafuta, na utando ulikuwaje.

Najua utaniambia vifaa ni ghali. Hadubini ni ghali, sawa, ila chuo chenye sanduku kinazo tayari. Damu ipo machinjioni. Kinachobaki ni vioo, methanoli, Giemsa na saa za mkufunzi, na hizo saa ndizo adimu. Hata hivyo slaidi mbovu wanafunzi wanazitengeneza wenyewe kila kipindi, kisha zinatupwa. Zisitupwe. Ziwekwe kwenye mifereji iliyo wazi ya sanduku hilohilo, pamoja na chache zilizo safi zisizo na kimelea, na swali la mtihani liwe fupi: slaidi hii isomwe au irudiwe, na kwa nini?