Kalamu ya Tippu Tip: Kutoka Msafara hadi Uliwali

Walimu wa fasihi huniuliza mara kwa mara kama inafaa vijana wetu wasomeshwe kitabu cha Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Wako wanaokikataa kabisa kwa kuwa mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Wako pia wanaokisifu kwa Kiswahili chake, wakaishia hapo. Madhumuni ya makala hii ni kuonyesha kwamba pande zote mbili zimekosea. Kitabu hiki kinafaa kusomwa kwa uzuri wake na kwa ubaya wake, mradi visitenganishwe.

Nimekisoma tena nikiwa Olmotonyi, chini ya Mlima Meru, mahali ambapo misafara ya Tippu Tip haikupita. Njia yake ilikuwa ya Bagamoyo, Tabora, Ziwa Tanganyika na Kongo. Hata hivyo, habari yake haiko mbali nasi. Misafara ya pembe iliyotoka Pangani ilizijua nchi hizi za kaskazini. Mwaka 1887 Teleki na von Höhnel, wasafiri kutoka Austria-Hungaria, walifika Meru. Mwaka 1900 boma la Wajerumani lilikuwa limekwisha simama Arusha. Kwanza alikuja mpita njia, akaandika aliyoyaona. Nyuma yake akaja mwenye amri. Kwa Tippu Tip mambo hayo mawili yalikutana katika mtu mmoja, naye akatuachia masimulizi yake kwa Kiswahili.

Mtu huyu alizaliwa Unguja yapata mwaka 1837, akafariki huko huko mwaka 1905. Katika safari zake alikutana na Livingstone mwaka 1867, Cameron mwaka 1874, na Stanley mwaka 1876. Uzeeni aliombwa na Mjerumani Heinrich Brode aandike habari za maisha yake, nazo zikachapishwa Berlin miaka ya 1902 na 1903. Baadaye W. H. Whiteley alizitafsiri kwa Kiingereza, na maneno ya Kiswahili yakawekwa sambamba na tafsiri hiyo.

Tutazame fani kwanza. Sentensi zake ni fupi, wala hazina mapambo. Kiambishi -ka- ndicho kinachoyabeba masimulizi yote: wakaenda, wakapigana, wakashinda, wakapakia, wakaondoka. Msomaji huvutwa kama mpagazi aliyefungwa mzigo, hapati nafasi ya kutua. Ufundi huo ni mkubwa, lakini una hatari yake. Kitendo kikifuatana na kitendo bila pumziko, hakuna mahali pa kuuliza kama kilikuwa haki. Kijiji kuteketea na mzigo kupimwa huja kwa sauti moja.

Mfano bora ni habari ya Utetela. Tippu Tip anatueleza jinsi alivyopata habari za dada wa mtawala Kasongo Rushie, waliotekwa zamani na kupelekwa mbali. Kisha yeye mwenyewe anajitokeza kuwa mjukuu wa mmoja wao. Mzee Kasongo anamsadiki, anampokea kama damu yake, na kumkabidhi utawala. Nchi nzima ilipatikana kwa hadithi iliyosimuliwa vizuri. Mwanafunzi akifika hapo, na ajiulize: ikiwa msimulizi huyu aliweza kumshawishi mfalme, je, mimi msomaji ananifanyia nini?

Baada ya safari ukaja uliwali. Mwezi Februari 1887, mjini Unguja, alikubaliana na Stanley awe liwali wa Stanley Falls, yaani maporomoko ya Boyoma panapokaribia Kisangani ya leo, kwa niaba ya dola ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Mshahara wake ulikuwa pauni 30 kwa mwezi. Alitakiwa kupeperusha bendera ya dola hiyo na kuzuia utekaji wa watumwa. Mtu aliyekuwa akitawala kwa nguvu zake mwenyewe sasa akawa mtumishi wa mfalme asiyemwona. Bila shaka alidhani amepata ngao kwa biashara yake, kumbe Wabelgiji walikuwa wakinunua muda. Alirudi Unguja mwaka 1891. Vita vilianza mwaka uliofuata, na mwanawe Sefu aliuawa mwaka 1893. Kufikia 1894 nguvu ya wafanyabiashara wa pwani huko Kongo ilikuwa imevunjika.

Sasa tugeukie maudhui, na hasa yale yasiyosemwa. Pembe zina frasila zake, machifu wana majina yao, Wazungu wana vyeo vyao. Lakini wale waliozibeba pembe hizo vichwani, na wale waliotekwa, karibu wote hawana majina. Wakitajwa, hutajwa kwa wingi, kama bidhaa katika orodha.

Nisiseme haya kana kwamba mimi ni msafi. Katika utumishi wangu serikalini nimeandika taarifa nyingi za kazi. Niliandika kwamba vibarua kadhaa walitumika, siku kadhaa, kwa gharama kadhaa, na taarifa zikapokelewa bila swali. Siku moja mzee mmoja alikuja ofisini kuuliza kama jina lake limo katika kitabu cha ujenzi wa barabara aliyoifanyia kazi ujanani. Nilitafuta sana. Hesabu ilikuwemo, jina halikuwemo. Tangu siku hiyo siwezi kusoma frasila za Tippu Tip bila kumkumbuka mzee yule.

Kwa hiyo, ndugu walimu, msikifiche kitabu hiki, wala msikipambe. Wapeni wanafunzi ukurasa mmoja wa msafara, kisha watakeni waandike safari hiyo hiyo kwa kinywa cha mpagazi: mzigo ulikuwa na uzito gani, alilala wapi, nani alianguka njiani. Watumie Kiswahili kile kile kifupi, chenye -ka- ile ile. Wataona kwamba lugha yetu haikumzuia Tippu Tip kuwataja watu hao. Aliyeamua wasitajwe ni mwenye kalamu, na kalamu hiyo leo imo mikononi mwao.